Shujaa Aliyelala: Msaidizi Mdogo na Uzito wa Udhaifu katika Kipindi cha "I've Got Batman in My Basement"

Ikisiri

Makala hii inachunguza kipindi kimoja cha mfululizo wa vibonzo wa Marekani, Batman: The Animated Series, kilichorushwa tarehe 30 Septemba 1992, ambacho wapenzi wa mfululizo huo na hata mmoja wa waasisi wake wamekihesabu miongoni mwa vile vilivyoanguka. Aghalabu husemwa kuwa kosa lake ni kumweka mtoto mahali pa shujaa. Makala inapinga maelezo hayo. Kwa kukilinganisha kipindi hicho na matukio mawili ya Utendi wa Fumo Liyongo, pamoja na vipindi vingine viwili vya mfululizo huohuo, inadaiwa kuwa kuanguka kwake kunatokana na udhaifu wa shujaa usiokuwa na uzito na msaada wa mtoto usiokuwa na gharama. Makala pia inarekebisha msimamo ambao mwandishi aliwahi kuutetea kuhusu nafasi ya mtoto katika fasihi ya watoto.

Utangulizi

Kwa miaka kadhaa nimefundisha somo la fasihi ya watoto kwa wanafunzi wa Kiswahili mjini Kampala, na kwa miaka yote hiyo nimetumia kigezo kimoja kupima kazi niliyoletewa: je, mtoto aliyemo katika kisa anatenda au anatendewa? Kigezo hicho nilikitetea kwa maandishi katika mkusanyiko wa makala kama huu. Nilidai kwamba hadithi nyingi wanazosomeshwa watoto wetu zinamfanya mtoto kuwa sikio la kupokea mawaidha ya wakubwa, na kwamba siku mwandishi atakapompa mtoto usukani, nusu ya kazi itakuwa imekwisha. Neno "usukani" nililitumia mimi mwenyewe. Nimelikumbuka kwa fedheha kidogo, kwa kuwa katika kipindi ninachokijadili hapa mtoto anapewa usukani kweli, tena usukani wa gari la Batman, na kipindi kinaharibika palepale.

Nilikichagua kipindi hicho kwa ajili ya zoezi la tafsiri. Wanafunzi walitakiwa kuandaa maandishi ya Kiswahili yatakayopita chini ya picha, na mmoja wao, aliyekulia katika vibanda vya video ambako mtafsiri husimulia filamu kwa sauti yake juu ya sauti za waigizaji, aliomba afanye zoezi lake kwa mtindo huo. Nilikiona kipindi hiki kinafaa kwa sababu kilitimiza kigezo changu kwa ukamilifu: mtoto anampata shujaa amelegea, anamtorosha, anamficha, anamtafutia dawa, kisha anapambana na maadui wake. Nilijua kwamba Bruce Timm, mmoja wa waasisi wawili wa mfululizo huo pamoja na Eric Radomski, amekwisha kusema hadharani kwamba kipindi hiki ni mfano wa yale ambayo hawakutaka kumfanyia Batman. Niliyachukulia maneno yake kuwa ni wivu wa mtu mzima asiyetaka kuwaachia watoto mwanasesere wake. Nilitarajia wanafunzi wakione kipindi hiki kama nilivyokiona mimi.

Walichoka. Yule msimulizi wa kibandani, kijana mwenye ulimi usiokauka, alifika katikati akanyamaza. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba hana la kusema: "Mkubwa amelala, na hakuna anayeogopa." Makala hii ni jaribio la kulieleza jibu hilo, kwa sababu naamini lina mantiki nzito kuliko kigezo changu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kongamano la Kiswahili lishughulike na vibonzo vya Kimarekani vya miaka zaidi ya 30 iliyopita. Jibu langu ni la kiutendaji. Watoto wengi wa ukanda huu humfahamu shujaa wa kwenye kioo kabla ya kumfahamu shujaa wa kwenye kitabu, na sasa wapo mashujaa wa vibonzo waliobuniwa karibu nasi: Super Sema, msichana wa kijiji cha Dunia, alianza kuonekana mwaka 2021 kwa kazi ya Wakenya, na Supa Team 4, wasichana wa Lusaka waliobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema, walifuata mwaka 2023. Wanafunzi wetu nao wanataka kuandika miswada ya aina hii, baadhi yao kwa Kiswahili. Katika miswada ya wanafunzi niliyoisoma, swali la kwanza linalojitokeza ni hilihili: mtoto na shujaa wakae vipi katika kisa kimoja?

Kisa kwa ufupi

Mfululizo ulianza kurushwa na kituo cha Fox mapema mwezi Septemba 1992, na awamu yake ya kwanza ilikuwa na vipindi 65. Sifa yake kubwa ni giza: mji wa Gotham umechorwa kana kwamba jua lake huchwa saa sita za mchana, na wahalifu wake wengi ni watu waliovunjika kabla ya kuwa waovu. "Heart of Ice", kilichompatia Paul Dini tuzo ya Emmy ya uandishi, kilirushwa wiki tatu tu kabla ya hiki chetu. Mtazamaji wa Septemba ile alikuwa amekwisha kuonyeshwa kwamba vibonzo vya watoto vinaweza kubeba msiba wa mtu mzima.

Kipindi chetu kiliandikwa na Sam Graham na Chris Hubbell, kikaongozwa na Frank Paur. Penguin, mhalifu mwenye umbo la ndege na tabia za bwana wa vyakula vya mezani na vitambaa vyeupe, amemtumia tumbusi wake katika wizi wa yai la vito la Fabergé. Mtoto aitwaye Sherman, anayejifanya mpelelezi na anayechokozwa na watoto wakubwa wa mtaani kwa ajili hiyo, anamwona tumbusi angani. Huyo si ndege wa kutarajiwa katika mji kama Gotham. Anamfuata pamoja na rafiki yake Roberta mpaka kwenye maficho ya wezi. Batman anafika, anapuliziwa gesi ya sumu, nguvu zinamwishia. Watoto wanamtoa pale kwa gari lake mwenyewe, Sherman akiwa ameshika usukani, na kumlaza katika chumba cha chini ya nyumba ya kina Sherman. Penguin na watu wake wanawafuata huko. Watoto wanawazuia kwa hila na vyombo vya nyumbani, mpaka dawa inapopatikana na Batman anaamka kupambana na mwavuli wa Penguin akiwa na bisibisi mkononi.

Hadithi hii ina mbegu nzuri, na si haki kulificha hilo. Mtoto anayedhihakiwa kwa kujua mambo anaona kile ambacho watu wazima hawakukiona, kwa sababu ya ujuzi uleule wanaomcheka nao. Paul Williams, aliyempa Penguin sauti, anafanya kazi ya kupendeza. Tatizo linaanza shujaa anapolala.

Saada na wishwa

Fasihi ya Kiswahili ina shujaa aliyepata kufungwa na shujaa aliyepata kulala, na ni mtu mmoja. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu na kukamilika mwaka 1913, Liyongo anatiwa gerezani kwa amri ya mfalme wa Pate. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa mjakazi aitwaye Saada. Chakula kizuri hakimfikii: walinzi wanakila. Liyongo anampa Saada ujumbe wa kishairi ampelekee mama, na mama anaelewa. Anaandaa mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi hawawezi kukitamani, na ndani yake anaficha tupa. Walinzi wanaona wishwa, wanadharau, wanampitisha Saada. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya kuagana na dunia, na mlio wa ngoma unafunika mlio wa tupa juu ya minyororo.

Nasisitiza jambo moja ambalo katika mihadhara yangu ya zamani nililipita haraka. Udogo wa Saada ndio mtambo wenyewe wa hadithi. Walinzi wanaula mkate mzuri kwa sababu wana uwezo wa kumnyang'anya mjakazi bila kuulizwa, na wanauacha mkate mbovu kwa dharau ileile. Dharau iliyomweka Saada chini ndiyo iliyomfungulia mlango. Na hatuhitaji kuambiwa mjakazi angefanywa nini kama mlinzi mmoja angeumega mkate ule. Kila anapovuka lango, hofu inavuka naye. Mtungaji haizungumzii hofu hiyo kwa kirefu, kwa kuwa mpangilio wa matukio umekwisha kuieleza.

Mlinganisho na Sherman unauma hapo. Udogo wa Sherman unatajwa mwanzoni kisha unasahaulika. Mara Batman anapowekwa chini ya nyumba, mtoto yule hatumii tena ujuzi wake wa ndege, wala macho yake ya mpelelezi, wala hali yake ya kudharauliwa. Watu wa Penguin wanashindwa kwa kuteleza na kuangukiwa na vitu, kama wezi wa filamu ya Home Alone iliyokuwa imetamba miaka miwili kabla. Vitu hivyo vingeweza kuwa katika nyumba yoyote, na mtoto yeyote angeweza kuvitupa. Penguin naye hashindwi kwa kasoro yake. Mtu anayejiona bwana mstaarabu kuliko wahalifu wenzake ana mlango wazi kabisa kwa mtoto mwenye akili. Hadithi zetu za Sungura hazikosi mlango wa namna hiyo, maana Fisi hunaswa kwa ulafi wake na Simba kwa majivuno yake. Hapa ulafi haumponzi mtu, na majivuno hayamgharimu Penguin chochote.

Kuna mahali pamoja ambapo waandishi waligusa jambo la maana, nalo linamhusu mtafiti wa lugha. Katika hali ya nusu kuzimia Batman anatamka neno lililokatika, na neno hilo ndilo ufunguo: dawa imehifadhiwa kwenye kikinga-jua cha gari. Hiki ni kitendawili halisi. Mwenye nguvu zote amebakiwa na neno moja, na neno hilo limewekwa mikononi mwa mtoto. Ni ujumbe wa mfungwa kwa mara nyingine. Lakini katika utendi ujumbe unapita kwa mtu asiyepaswa kuonekana anauelewa mpaka kwa mtu mmoja tu anayeweza kuuelewa, na kati yao wamesimama walinzi. Maana yenyewe ina hatari. Katika kipindi chetu neno linazagaa chumbani mpaka wakati unapowabana waandishi, na hapo mtoto analielewa. Hakukosea kwa gharama yoyote, wala hakupatia kwa jambo lolote tulilomjua nalo. Wanafunzi wangu walitumia saa nzima wakijadili namna ya kulitafsiri neno lile ili utata wake usipotee. Walilipenda kuliko waandishi wenyewe walivyolipenda.

Kisima

Tukio la pili la utendi ni lile la kifo. Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Anaamka, anatwaa upinde, anatoka hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anaweka mshale, na anakufa katika hali hiyo. Watu hawathubutu kuteka maji. Mama yake anaombwa aende kumsihi mwanawe aliyekasirika, naye anamsihi maiti. Mji unashikwa na kiu kwa siku kadhaa mpaka mwili unapoanguka na ukweli kujulikana.

Tukio hili mara nyingi husomwa kama ishara ya ukuu wa Liyongo. Mimi nalisoma hapa kama somo la ufundi wa usimulizi: mwili usioweza tena kutenda lolote unaendelea kuupanga ulimwengu uliouzunguka. Kila mtu katika mji anatenda kwa sababu ya mwili ule. Udhaifu wa mwisho kabisa wa shujaa, yaani mauti, una uzito kuliko nguvu za wengine wote walio hai.

Sasa tumtazame Batman amelazwa chini ya nyumba ya kina Sherman. Huyu ni mtu ambaye kivuli chake tu, katika vipindi vilivyotangulia, kilitosha kuwatimua majambazi. Amelala, na usingizi wake haumbadilishi mtu yeyote. Sherman hajiulizi kama ana haki ya kumwona katika hali ile. Chini ya kofia ile kuna uso ambao mji mzima haujapata kuuona, na kofia imelala karibu na mkono wa mtoto mpelelezi. Kwa mpelelezi hakuna jaribu kubwa kuliko hilo, na kisa hakikai hapo hata kwa muda wa kuvuta pumzi. Penguin, ambaye angeweza kuogopa kwamba labda Batman anajifanya amelala, haogopi kwa namna inayoacha alama. Watoto hawaogopi kwamba atakufa. Shujaa amekuwa mzigo wa kuhamishwa huku na huko. Hapo ndipo nilipolielewa jibu la msimulizi wangu: hakukosa maneno kwa sababu shujaa amelala, alikosa kwa sababu usingizi wa shujaa haukuwaogopesha waliokuwa macho. Kisima hakikuwa na mtu.

Inawezekana kunijibu kwamba ninapima vibonzo vya dakika zisizofika 25 kwa mizani ya utendi. Silinganishi hadhi za kazi hizi mbili. Ninalinganisha motifu moja, ya shujaa asiyejiweza na msaidizi wake mdogo, na motifu hudai mambo yaleyale iwe imevaa joho la utendi au rangi za vibonzo. Na mfululizo wenyewe unanipa ushahidi.

Watoto wengine wa Gotham

Wiki mbili kabla ya kipindi chetu kilirushwa "Be a Clown". Mtoto wa meya wa Gotham, Jordan, amepuuzwa na baba yake katika sherehe yake mwenyewe ya kuzaliwa. Anamfuata mfanya mazingaombwe aliyekuja kutumbuiza, asijue kwamba ni Joker. Mtoto huyu hatendi makubwa. Kwa kigezo changu cha zamani angefeli, kwani muda mwingi yumo mikononi mwa wengine. Hata hivyo, mwishoni, katika bustani ya michezo iliyoachwa, akiwa juu ya gari la reli za milimani, anapaswa kuchagua kama ataushika mkono wa Batman anayemwogopa au atabaki na yule aliyemchekesha. Kitendo chote ni mkono mmoja kuuendea mkono mwingine. Kina uzito kwa sababu tunajua Jordan alimpenda nani na kwa nini, na tunajua anaachana na nini.

"Beware the Gray Ghost" cha Novemba 1992 kinalifikia suala letu moja kwa moja, kwa kuwa kinahusu shujaa aliyeporomoka na mtoto aliyempenda. Simon Trent ni mwigizaji mzee aliyewahi kuwa shujaa wa televisheni. Sasa hana kazi, na anauza kumbukumbu zake apate kodi ya nyumba. Sauti yake ni ya Adam West, aliyekuwa Batman mwenyewe katika televisheni ya miaka ya 1960, na mtazamaji anayelijua hilo anasikia maisha mawili katika sauti moja. Mtoto wa kisa hiki ni Bruce Wayne wa zamani, aliyekuwa akitazama kipindi cha Trent pamoja na baba yake. Batman anapomhitaji Trent ili afumbue siri ya mabomu, msaidizi na msaidiwa wamebadilishana nafasi: mwenye nguvu sasa ni yule aliyekuwa mtoto, na aliye dhaifu ni shujaa wake. Trent anajionea haya. Anajificha. Anasema yaliyopita yamepita. Msaada wake unamgharimu amani kidogo aliyobakiwa nayo, na ndiyo sababu Bruce anapomwambia mwishoni kwamba alikuwa shujaa wake, na kwamba angali hivyo, mtazamaji hasiti kuamini.

Kwa hiyo watengenezaji walewale, katika mwaka uleule, walijua kumfikia mtoto bila kumshushia shujaa hadhi. Haifai kulaumu masharti ya kituo pia. Inajulikana kwamba vibonzo vya watoto vya wakati huo vilibanwa kuhusu vifo na kuhusu watoto kuwekwa hatarini. Lakini katika "Robin's Reckoning" kifo cha wazazi wa Robin, mbele ya macho ya mtoto wao, hakikuonyeshwa; ilionyeshwa kamba iliyokatika ikining'inia. Kamba ile ni kali kuliko damu. Masharti yaliwasukuma waandishi hao watafute picha. Katika kipindi chetu hatari iliondolewa na mahali pake pakawekwa vichekesho, kana kwamba mtoto anayetazama hawezi kustahimili kitu kingine.

Nadhani hapo ndipo kosa linapokaa, na ni kosa la heshima. Kipindi kinajidai kumtukuza mtoto, lakini hakimwamini. Kimempa gari, dawa, vita na ushindi, kikamnyima hofu, shaka na hasara. Ni sawa na mgeni anayemsifu mtoto wa mwenyeji kwa kila anachofanya. Mtoto mwenyewe, kama ana akili, anajua kwamba hajatazamwa. Kigezo changu cha kutenda au kutendewa hakikuweza kuliona hilo, kwa sababu kilihesabu vitendo bila kuuliza bei zake.

Kuhusu jina la kipindi

Narudi darasani kwa ajili ya jambo la lugha lililonishughulisha kuliko nilivyotarajia. Wanafunzi walipofika kwenye jina la kipindi waligawanyika. Baadhi walipendekeza "Nina Batman Chini ya Nyumba". Wengine walikataa katakata, wakisema kwamba kwa Kiswahili cha kawaida huwezi kusema una mtu mzima ndani kwenu bila kusikika kama umemfunga, isipokuwa useme una mgeni au una mgonjwa. Walipendekeza "Batman Yupo Kwetu", na mmoja akasema iwe "Tuna Mgonjwa" tu, jina la Batman liachwe kwa mshangao.

Jina la Kiingereza ni la kutamba: mtoto anajigamba kwa kitu alichonacho, kama anavyojigamba kwa baiskeli mpya. Kiswahili kiliwaletea wanafunzi swali ambalo waandishi hawakujiuliza. Ukisema una mgeni, umekwisha kutaja wajibu. Mgeni hulishwa, hufichiwa aibu, hatazamwi akiwa amelala. Ukisema una mgonjwa, sauti inashuka yenyewe. Walipokuwa wakibishana niliandika ubaoni majina yote matatu, na ilikuwa wazi kwamba la kwanza ndilo jina la kipindi tulichokitazama, na mengine mawili ni ya kipindi ambacho hakikuandikwa. Katika hicho cha pili Sherman angelazimika kumdanganya mama yake, angejua kwamba kumficha mtu huyu kunailetea nyumba hatari, na angekaa usiku kucha karibu na kofia ile asiiguse.

Niliwaomba waandike onyesho moja la kipindi hicho cha pili kwa Kiswahili. Yaliyoandikwa hayakulingana kwa ubora, na mengine yalizama katika mawaidha yaleyale niliyoyapiga vita kwa miaka mingi. Moja lilinigusa: mtoto anamlisha mgonjwa uji, mkono unamtetemeka, uji unamwagika juu ya alama ya popo, na mtoto anaanza kulia kwa kuwa ameichafua nguo ya Batman. Hakuna adui aliyeingia bado. Tulilisoma kwa sauti, na msimulizi wa kibandani akapata la kusema.

Mwandishi wa onyesho hilo ndiye pia aliyeuliza swali lililonitikisa. Baada ya mjadala mrefu kuhusu mkate wa wishwa aliinua mkono na kuuliza: Saada aliishia wapi? Tulirudi kwenye utendi. Minyororo ikishakatika, masimulizi yanamfuata Liyongo msituni, kisha kwa mwanawe, kisha kisimani. Mjakazi aliyepitisha tupa hatumsikii tena. Kipindi cha Batman, pamoja na kasoro zake zote, hakimwachi Sherman hadi mwisho. Sikuwa na jibu la kumpa, na katika mizani niliyoijenga hapa hilo linabaki upande wa vibonzo.